Mpango wa Mwaka na Njia ya Madrasa



Kipo kitabu kinachoandikwa kila mwaka katika kaunti yetu ya Kwale, ambacho aghalabu hatukioni majumbani mwetu ingawa ndani yake mna habari za maisha yetu: kisima kipi kitakarabatiwa, zahanati gani itaongezewa chumba cha kujifungulia, darasa la chekechea litajengwa wapi, na njia ipi itamwagwa kifusi kabla ya masika. Kinaitwa Mpango wa Maendeleo wa Mwaka. Wanaume huuzungumza barazani wakinywa kahawa, mara nyingi kwa hasira. Sisi wanawake hupata habari zake mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Nimeona niandike machache niliyojifunza, kwa sababu mtaa wetu umepatwa na jambo lililotulazimisha kuusoma.

Asili ya mpango huu ni Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Kifungu cha 126 kinaitaka kila serikali ya kaunti iuwasilishe mpango wake mbele ya bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, kisha uchapishwe na kutangazwa kwa umma ndani ya siku saba. Mpango wenyewe huzaliwa na mpango mkubwa zaidi wa miaka mitano, na huo tulio nao sasa ni wa kuanzia 2023 hadi 2027. Kila mwaka hukatwa kipande chake, kikaandikwa kwa urefu: kazi gani, mahali gani, kwa gharama gani, na kwa alama zipi itajulikana kuwa imekamilika.

Walakini mpango si bajeti, na hapa ndipo watu wengi huvunjika moyo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kazi iliyoandikwa katika mpango wa Septemba hii ni ya mwaka utakaoanza Julai ijayo. Baina yake pana milango mingine ya kupita: mwishoni mwa Februari kuna waraka wa mkakati wa fedha, ambao hugawa kiasi cha kila idara, mwishoni mwa Aprili makadirio ya bajeti hupelekwa bungeni, na kabla ya Juni kwisha, bunge huyapitisha. Jambo lililosemwa mkutanini mwezi wa Agosti laweza, kwa njia halali kabisa, kuchukua karibu miaka miwili kabla ya kuonekana kwa macho. Na laweza kuanguka katika mlango wowote njiani. Kwa hiyo mtu akisema, "Tuliomba na hawakujenga," la kwanza la kumuuliza ni hili: liliandikwa? Na la pili: lilipoandikwa, lilifika hadi mlango gani?

Fedha nazo ni chache kuliko tunavyodhani. Sheria hiyo hiyo yataka katika kila shilingi 100 za bajeti ya kaunti, zisizopungua 30 ziende kwenye maendeleo. Zinazobaki ni mishahara, dawa, mafuta ya gari la wagonjwa na mengineyo ya kila siku. Kwale ina wadi 20, na hesabu ya watu ya 2019 ilitupata tukiwa watu 866,820. Ukigawanya, kila wadi ina watu zaidi ya 43,000, kila mmoja na shida yake, toka Vanga mpakani hadi Mackinnon Road kwenye ukame. Mwenye kuomba na asiyejua hesabu hii huona amedharauliwa, kumbe yumo katika foleni ndefu.

Sasa nieleze jambo letu. Sisi tuko upande wa bara wa barabara kuu, baina ya Ukunda na Msambweni. Mtaa wetu umegawanywa na mkondo wa maji ambao wakati wa kaskazi ni mchanga mtupu, mbuzi hulala humo. Ikifika masika, mkondo huo hujaa kwa saa moja na kupwa kwa siku tatu. Nyumba nyingi ziko upande mmoja, na madrasa iko upande wa pili. Watoto huvuka alasiri, wakitoka shule, na hurudi magharibi inapokaribia. Masika yaliyopita kijana wa bodaboda alimdaka mtoto wa miaka saba akiwa tayari maji yamekwisha kumwangusha, juzuu yake imekwenda na mkondo. Alhamdulillahi, mtoto yu mzima. Lakini tangu siku hiyo kina mama wengi, anga ikifunga tu, huwazuia watoto nyumbani. Mwalimu alihesabu, akaona kuwa watoto wa upande wetu walikosa zaidi ya nusu ya masomo ya mwezi wa Mei.

Mavyaa wangu, ambaye ameishi hapa tangu kuolewa kwake, alinicheka niliposema tukaombe kalvati. "Mwanangu," akasema, "maji haya yalinikuta hapa, na mimi niliyakuta. Tulikuwa tukikata mnazi, tukaulaza, tukavuka." Nikamwambia, "Ni kweli Mama, lakini zamani zile watoto wa madrasa walikuwa wangapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema walikuwa kumi na mbili, naye akawataja mmoja mmoja kwa majina, na waliokwisha kufa akawarehemu. Siku hizi ni zaidi ya 50.

Tukaenda mkutanoni, wanawake tisa. Mkutano wa kukusanya maoni ni haki ya kikatiba. Ibara ya 201 inaweka uwazi na ushirikishwaji wa umma kuwa msingi wa mambo yote ya fedha za serikali, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaulazimisha katika mipango. Tulikaa nyuma, kama tulivyozoea. Wa kwanza kusema walikuwa wazee, wakataka lami katika barabara kuu irekebishwe. Wakafuata vijana, wakataka taa ndefu zile za mulika mwizi na uwanja wa mpira usawazishwe. Yote ni mambo mema. Ila lile la barabara kuu lilichukua robo ya mkutano, na barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga si ya kaunti. Ni barabara ya taifa, iko chini ya mamlaka ya barabara kuu nchini, KeNHA. Kaunti kuiandika katika mpango wake ni sawa na mtu kuahidi kuezeka nyumba ya jirani. Katiba, katika Jedwali lake la Nne, imezitaja kazi za kaunti waziwazi: barabara za kaunti na taa zake, maji na usafi, zahanati na hospitali za kaunti, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, uzoaji wa taka, hata makaburi. (Ndiyo, makaburi. Sisi tunaozika siku ile ile tungepaswa kulijua hilo kabla ya wengine wote, maana jeneza halingoji njia ikauke.) Mwenye kujua orodha hii hapotezi pumzi yake.

Zamu yetu ilipofika, mwenzetu mmoja alisimama akaeleza vizuri sana. Afisa aliyekuwa akiandika akainua kichwa, akauliza swali moja tu: "Mahali hapo panaitwaje?"

Tukatazamana. Sisi twapaita "kwa marehemu mzee fulani", au "pale majini". Katika orodha yoyote ya njia hapana jina hilo. Tukaulizwa tena: njia hiyo urefu wake ni mita ngapi, watu wangapi huitumia, yaanzia wapi na kuishia wapi, na ardhi ni ya nani? Hatukuwa na jibu hata moja lililo kamili. Afisa hakutudharau. Alituambia kwa upole kwamba "kalvati ya njia ya madrasa" haiwezi kukadiriwa gharama, na kisichokadiriwa gharama hakikai katika mpango. Akatupa wiki mbili.

Wiki hizo mbili ndizo zilizonifundisha zaidi kuliko kitabu. Tulipima njia kwa kamba ya kuanikia nguo, iliyopimwa kwanza dukani kwa fundi seremala. Binti wa jirani yangu, aliye kidato cha tatu, alichora ramani kwenye karatasi ya hesabu, akaonyesha msikiti, kisima, madrasa na mwembe mkubwa. Mwalimu alitupa hesabu ya wanafunzi. Tukaweka na hesabu ya wanawake wanaovuka kwenda kliniki, na mikokoteni ya maji inayopita. Lile la maji lilinigusa, maana mkondo ukijaa mkokoteni hauvuki, na mtungi wa lita 20 hupanda bei siku hiyo hiyo. Sisi watu wa Kwale ni ajabu: chemchemi za Marere zilizo katika milima ya Shimba zimekuwa zikinywesha Mombasa tangu enzi za ukoloni, na visima vya Tiwi hupeleka maji mpaka Likoni, na bado wengi wetu twanunua kwa mtungi. Hilo ni jambo la siku nyingine, lakini ni katika hayo hayo ya mpango.

Likabaki swali la ardhi, na hapo ndipo jambo letu lilipokwama.

Kipande ambacho njia hupita, na ambacho kalvati ingehitaji kingo zake, ni cha shamba la marehemu mmoja aliyefariki miaka mingi iliyopita. Mkewe naye alitangulia mbele ya haki kabla yake. Waliacha watoto watano: wa kiume wawili na wa kike watatu. Hati miliki hadi leo iko katika jina la baba yao. Ndugu wa kiume, walipofuatwa, walisema mara moja, "Chukueni njia, ni sadaka." Wazee wakafurahi, wakasema jambo limekwisha. Lakini afisa alikwisha kutuambia kwamba fedha za umma haziwekwi katika ardhi ya mtu bila idhini ya maandishi ya wenyewe. Na wenyewe ni watano.

Tukaenda kwa dada zao. Mmoja yuko Msambweni, mmoja Kisauni, na mmoja ameolewa Muscat, tukaongea naye kwa simu. Jibu lao lilikuwa moja, ingawa hawakukaa pamoja kulipanga: wao hawakatai njia. Wanachotaka ni mirathi igawanywe kwanza. "Sisi hatujapata hata nazi moja katika shamba lile," alisema yule wa Msambweni. "Leo mnatujia tutie saini ya kutoa. Tutatoaje tusichopewa?"

Maneno yale yalisambaa mtaani, na wako waliowalaumu. Walisema akina dada wanatumia watoto wa madrasa kama kabari ya kupasulia ugomvi wa nyumbani. Nimesikia hata mwanamke mwenzangu akisema hivyo. Mimi sikubaliani naye. Hesabu ya faraidhi katika jambo hili ni nyepesi: watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, hakuna mjane wala mzazi aliyebaki, mali hugawanywa mafungu saba. Kila ndugu wa kiume ana mafungu mawili, na kila dada fungu moja. Kwa hiyo akina dada watatu kwa pamoja wana mafungu matatu katika saba ya ardhi ile, na hayo si hisani ya kaka zao. Ni kiwango kilichowekwa na Mola katika Suratun Nisaa. Mtu hatoi sadaka mali ya mwenziwe, na sadaka iliyotolewa juu ya haki ya dada aliyenyimwa sijui inaandikwa upande gani wa kitabu. Watoto wetu wanahitaji njia, ndiyo. Lakini wanavuka kwenda kusoma nini, kama si hayo hayo?

Nimekuwa nikiwaza sana juu ya jinsi wazee wetu walivyokuwa wakiyafanya mambo haya. Pwani yetu imejaa kazi za umma ambazo hazikujengwa na serikali yoyote. Msikiti wa kale wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini Diani, umesimama karne kadhaa. Kila mji wa kale wa pwani una birika, una kisima cha msikiti, una shamba la minazi lililowekwa wakfu. Na jambo ambalo mimi naliona kuwa ni busara kubwa ni hili: aliyechimba kisima aliweka wakfu na minazi pia, ili nazi ziuzwe na kamba na ndoo zinunuliwe milele. Alifikiria matengenezo siku ile ile ya kujenga. Mipango ya siku hizi hupenda kuhesabu vipya. Darasa jipya lina sherehe ya kufungua. Kisima kilichoharibika pampu hakina sherehe, na kukitengeneza hakukatiwi utepe. Katika mikutano ya mwaka huu ningependa kusikia wanawake wakiuliza swali hili kila kazi inapotajwa: nani ataitunza, na kwa fedha gani?

Wala si lazima turudi nyuma karne nyingi kutafuta mfano. Gazi na Makongeni, jirani zetu hapa hapa Msambweni, wamekuwa wakitunza mikoko katika mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, hekta 117, na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo. Fedha zinazopatikana si nyingi zikilinganishwa na bajeti ya kaunti. Lakini wanakijiji wenyewe hukaa wakaamua zitumike wapi, na zimeleta maji karibu na nyumba na vitabu shuleni. Mwaka 2017 mradi huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Nilipokwenda huko kumtazama shoga yangu aliyejifungua, niliona jinsi watu wanavyozungumzia bomba lao la maji. Walijua liligharimu nini na ni nani alipewa kazi. Hawakuzungumza kama watu waliopewa zawadi.

Yapo pia yasiyo katika uwezo wa mpango wowote wa kaunti peke yake. Mto Umba unaofurika na kuwatoa watu wa Vanga majumbani mwao huanzia milima ya Usambara, Tanzania. Mvua inyeshayo nchi nyingine hutuijia sisi. Na bahari inayokula pwani yetu haiulizi wadi ni ipi. Nayasema haya kwa kuwa kuna tabia ya kumtupia mwakilishi wa wadi kila kitu, hata upepo. Tukimlaumu kwa yote, hatutamshika kwa lililo lake.

Kwa wanaotaka kuuona mpango wenyewe: una haki ya kuomba nakala, na huhitaji kueleza sababu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 humtaka afisa aliyeombwa kujibu ndani ya siku 21. Ukiupata, usianze ukurasa wa kwanza, maana kurasa za mwanzo ni maneno ya fahari ambayo kila kaunti inayo. Nenda kwenye majedwali ya nyuma, tafuta jina la wadi yako, na usome pamoja na mtu aliyesoma hesabu. Kisha tafuta mpango wa mwaka uliotangulia, uweke pembeni. Kazi ikionekana katika yote miwili, kwa jina lile lile na kiasi kile kile, ujue pana swali la kuuliza. Sisi tulifanya hivyo sebuleni kwangu, watu sita na sinia la mahamri, na tulikuta darasa moja la chekechea ambalo wajukuu wa mavyaa wangu wamekuwa wakilisubiri hadi sasa wako darasa la nne.

Tangu 2022 kaunti yetu inaongozwa na mwanamke, Bi Fatuma Achani, aliyekuwa naibu wa gavana kabla ya hapo. Wako wanaodhani kwamba maadamu mwanamke amekaa juu, basi mahitaji ya wanawake yatajiandika yenyewe. Hayajiandiki. Mpango hukusanywa kutoka chini, kwenye viti vya plastiki chini ya miembe, na anayesema ndiye anayeandikwa.

Njia yetu sasa ina jina. Wanawake walikubaliana iitwe Njia ya Madrasa, na kwa jina hilo imeandikwa katika orodha ya mapendekezo ya wadi, pamoja na urefu wake na idadi ya watoto. Katika safu ya ardhi pameandikwa kwamba idhini inangojewa. Ndugu wale watano wamekwisha kufungua faili katika Mahakama ya Kadhi, na dada aliye Muscat amempa mwanawe hati ya uwakilishi. Kaka mkubwa hakupenda mwanzoni. Alikuja kwangu akanilaumu kwamba nimeingiza mikono yangu katika nyumba yake. Nilimsikiliza, nikampa kahawa, nikamwomba radhi kwa lolote lililomuudhi katika maneno yangu, lakini sikumwambia kuwa akina dada wamekosea. Wiki iliyopita alikwenda mahakamani kwa miguu yake, akapeleka cheti cha kifo cha baba yao, ambacho kwa miaka yote hiyo kilikuwa sandukuni mwake.

Kama mirathi itagawanywa kabla ya Septemba, sijui ni dada yupi fungu lake litaangukia pale majini. Yule wa Msambweni amesema likimwangukia yeye ataliweka wakfu, na kando yake atapanda minazi miwili.

Mvua za vuli hazijaanza. Mwalimu ameomba wanaume wanne wa kusimama mkondoni kila alasiri zitakapoanza, wawili upande huu na wawili ule, na mpaka jana alikuwa amewapata watatu.